Mtoto Ameingia na Ngapi, Ametoka na Ngapi?

Bogenvila zinazofunika kuta za hoteli za Diani hufundisha kemia vizuri sana, na hazina bei. Chuma konzi moja ya yale majani yake ya zambarau (wengi huyaita maua, ilhali ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati), uyaponde na maji kidogo, uchuje kwa kitambaa. Utapata maji ya rangi ya waridi. Yagawe katika vikombe vitatu. Kimoja kamulia ndimu: rangi itabaki. Cha pili ongeza maji matupu, hicho ni cha kulinganishia. Cha tatu tia maji ya chokaa yaliyotuama, chokaa hii hii inayochomwa kwa mawe ya matumbawe na wazee wakaila kwa tambuu, na maji yatageuka manjano hapo hapo ukitazama.

Nafundisha kemia na baiolojia katika shule mseto ya kutwa kando ya barabara ya Ukunda kwenda Lunga Lunga, upande wa Msambweni, kaunti ya Kwale, Kenya, na mimi ni mzaliwa wa huku huku. Somo la asidi na besi lilikuwa la kidato cha kwanza, na kwa miaka mingi lilifundishwa kwa njia moja: mwalimu anaandika fasili mbili ubaoni, watoto wananakili, wiki inayofuata wanaulizwa wazikariri. Siku tuliyoponda bogenvila, msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye daftari lake lilikuwa halina kitu ila tarehe, alichukua kile kikombe cha manjano akakikamulia ndimu ili arudishe rangi ya kwanza. Haikurudi kama ilivyokuwa. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona imefifia? Juzi litimasi ilirudi."

Swali hilo halikuwamo katika kitabu cha kidato cha kwanza. Rangi ya bogenvila huvunjika ikikutana na besi kali, na vipande vyake havijiungi vyote tena hata ukirudisha asidi. Ya litimasi, kipimo cha maabara cha asidi na besi, hubadilika tu, kisha ikarejea. Kipindi kilichofuata tulikimaliza juu ya swali lake peke yake, silabasi ikangoja. Muhula huo huo daftari la msichana yule lilianza kujaa, na si la kemia tu.

Nalisimulia hilo kwa sababu kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitangazwa, watu wa Kwale tunazizungumzia shule kwa kitu kimoja: wastani. Shule fulani ina saba, fulani ina tatu nukta ngapi, basi ya kwanza ni nzuri na ya pili haifai. Nimeyasikia hayo kwenye matatu, kwenye matanga, hata kwenye mkutano wa wazazi wa shule yetu wenyewe. Mimi naona tunapima kitu kisicho chenyewe, na kipimo hicho kinawaumiza watoto na walimu ambao wangestahili kusaidiwa.

Wastani hupatikana hivi. Gredi ya A ina pointi 12, ya E ina pointi 1. Pointi za watahiniwa wote wa shule zinajumlishwa, zinagawanywa kwa idadi yao. Shule yenye 7 iko kwenye C+, kiwango cha kuingilia chuo kikuu. Yenye 4 iko kwenye D+. Mwaka 2024 nchini kote walifanya KCSE watahiniwa 962,512, na waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391. Yaani watatu kati ya kila wanne hawakufika hapo. Katika shule za kutwa za Msambweni, Lunga Lunga na Kinango, wasiofika ni wengi zaidi.

Sasa tazama hao watahiniwa waliingia na nini. Mpaka mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, mtoto alitoka darasa la nane na alama kati ya 500. Mwenye karibu 400 alichukuliwa na shule ya kitaifa: Kwale High au Matuga Girls hapa kwetu, au akavuka kivuko cha Likoni akaenda zake bara. Wa mia tatu alipata bweni la shule ya kaunti. Wa mia na sabini alikuja kwetu, kwa miguu, na tangu 2018, serikali ilipoagiza kila anayemaliza msingi aingie sekondari, amekuja kwa wingi. Nilifurahi kwa agizo hilo na ningali nafurahi. Zamani mtoto huyo alibaki nyumbani, akaingia kwenye bodaboda au akaenda kuuza vinyago ufuoni, au akaozwa. Lakini ukimweka yeye na wa mia nne kwenye mizani moja baada ya miaka minne, unachokipima ni uchaguzi uliofanywa kabla mwalimu wa sekondari hajashika chaki.

Mwaka 2014 wachumi wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, walichapisha utafiti juu ya jambo hili hili nchini Kenya. Waliwatazama watoto waliopata alama zinazokaribiana sana za KCPE, wengine wakaponea kuingia shule ya kitaifa, wengine wakaikosa kwa alama chache wakaenda kwingine. Wakafuatilia walivyofanya KCSE. Ungetarajia waliobahatika waruke juu, maana shule za kitaifa zina maabara, maktaba na wenzao wenye akili. Watafiti hawakuona tofauti ya maana. Kwa watoto hao wa mpakani, jina la shule lilichangia kidogo sana kwenye matokeo. Mzazi anayeuza ng'ombe ili mwanawe apate jina hilo anahitaji kuyajua hayo.

Uingereza nao walifika mahali pa kuchoka na orodha za wastani. Mwaka 2016 shule zao za sekondari zilianza kupimwa kwa kile walichokiita Progress 8: wanachukua alama za mtoto alipomaliza msingi, wanalinganisha na za wenzake nchini walioanza pale pale alipoanza yeye, kisha wanatazama nani amesogea zaidi. Kipimo hicho kina kasoro zake, kwa mfano hakioni umaskini wa nyumbani. Hata hivyo kinamfanya mtu aulize swali la maana, ambalo hapa kwetu lingekuwa: mtoto ameingia na ngapi, ametoka na ngapi? Aliyeingia na 170 akatoka na C ametembezwa mbali na walimu wake. Picha yake haitoki gazetini.

Kaunti ya Kwale haijakaa bure kuhusu elimu. Chini ya mpango wa Elimu ni Sasa, ulioanzishwa enzi za gavana wa kwanza, Salim Mvurya, pesa nyingi za kaunti zimelipia karo za maelfu ya watoto, wakiwemo wanaokwenda shule za kitaifa kote nchini. Nina wapwa waliosomeshwa nao, na nashukuru. Ninachoomba ni kwamba mkono huo ufike pia kwa mtoto anayebaki. Watoto wa alama za juu wakishaondoka wote, darasa la kijijini hubaki bila wale ambao wangewaeleza wenzao wakati mwalimu amegeukia ubao, na shilingi haziendi kule walikobaki wengi.

Ni nini hasa kinachomsogeza mtoto? Kwa miaka niliyofundisha sijaona kingine kinachoshinda kipindi cha dakika 40 kilichofikiriwa vizuri, kikifuatiwa na kingine, na kingine.

Nitatoa mfano wa moli, mada inayowaangusha watoto wengi kuliko yote katika kemia ya kidato cha tatu. Moli ni idadi tu, idadi kubwa mno ya chembe, inayowekwa kwenye fungu moja ili ihesabike. Vitabu huianza kwa kuiandika tarakimu yenyewe, ndefu, mtoto akaiona akakata tamaa. Siku hizi mimi huanza na boriti. Watoto wa Gazi na Vanga wanajua boriti za mikoko huuzwa kwa korija, na korija ni ishirini. Nauliza: korija ya boriti na korija ya fito, ipi ina vijiti vingi? Wanacheka, ni sawasawa. Ipi nzito? Boriti. Basi moli ya chuma na moli ya oksijeni ni vivyo hivyo: chembe ni sawa kwa idadi, uzito ni mbalimbali. Kwa chuma fungu hilo lina gramu 56, kwa oksijeni gramu 16. Kuanzia hapo tunakwenda pamoja.

Halafu nawapeleka kwenye mchanga. Kuanzia mwishoni mwa 2013 mpaka Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga mzito pale Maumba na Nguluku, mwendo mfupi kutoka kwetu, na meli ya kwanza ya shehena iliondoka Februari 2014. Baba na kaka za wanafunzi wangu waliendesha malori pale, wengine walikuwa walinzi na wapishi. Miaka yote hiyo sikukuta kitabu cha darasani kilichoitaja ilmenaiti, madini makuu yaliyokuwa yakitolewa kwenye ardhi ya Kwale. Fomula yake ni FeTiO₃: chuma kimoja, titani moja, oksijeni tatu. Watoto wanajumlisha wenyewe: 56, na 48, na mara tatu 16 ambayo ni 48 nyingine. Jumla 152. Titani ni 48 katika 152, karibu asilimia 31.6. Mvulana aliyekuwa akinakili majibu ya jirani yake aliinua kichwa akasema kwa Kidigo kwamba basi zaidi ya theluthi mbili ya kilichosombwa bandarini kilikuwa si titani, na akataka kujua hiyo iliyobaki ilikwenda wapi. Tukazungumzia chuma, tukazungumzia oksijeni, tukazungumzia rangi nyeupe ya kupaka nyumba inayotengenezwa kwa titani. Kengele ikalia, hakuna aliyetoka.

Niseme kidogo juu ya Kidigo hicho. Mtihani wa kemia ni wa Kiingereza, na lazima mtoto akimudu. Lakini mtoto wa kwetu hufikiri kwa Kidigo au Kiduruma, hujadiliana kwa Kiswahili, kisha ndipo aandike Kiingereza. Ukimkataza hatua mbili za kwanza, ya tatu haifiki. Darasani kwangu makundi hujadiliana kwa lugha wanayoiweza, kisha kila kundi linaandika jibu moja la Kiingereza ubaoni na wote tunalisahihisha.

Na kuna alama ambazo hupotea kwa mikono, akili ikiwa nzima. Karatasi ya tatu ya kemia ni ya vitendo: alama 40, saa mbili na robo. Swali moja karibu kila mwaka huhusu kupima ujazo kwa biureti, ule mrija mrefu wenye vipimo na bomba la kufungulia chini. Mtahiniwa anatia asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, anasoma, anarudia mara tatu. Siku hiyo mwalimu wa somo hufanya jaribio lilelile kwa dawa zilezile, na jibu lake hupelekwa kwa wasahihishaji. Mtoto aliyelikaribia jibu hilo kwa 0.1 anapata alama nzima ya usahihi. Aliyetofautiana kwa 0.2 anapata nusu. Aliyepita hapo hana kitu. Kuna alama ya kujaza jedwali lote, na alama ya desimali: ukianza kusoma kwa nafasi moja ya desimali, zote ziwe moja, ukianza kwa mbili, zote ziwe mbili.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kipaji. Kinachohitajika ni kuizoea biureti, kujua kwamba jicho liwe sawa na maji, kwamba tone la mwisho hutiwa polepole. Mtoto wa shule yenye biureti kwa kila mwanafunzi ameishika tangu kidato cha pili. Wa kwetu hushirikiana watano kwa moja, na katika watano kuna mmoja anayeishika na wanne wanaotazama. Tulichokifanya ni kuweka zamu kwa jina: wiki hii anashika huyu, wiki ijayo yule, na anayesoma vipimo si aliyefungua bomba. Pale dawa zilipokwisha tulitumia maji matupu, kwa ajili ya kuzoeza mkono na jicho. Alama za karatasi ya tatu zilipanda kabla ya za karatasi nyingine zote.

Mwalimu naye hujifunzia wapi mambo haya? Chuo kikuu miaka minne, na muhula mmoja wa mazoezi ya kufundisha ambapo mhadhiri huja mara chache na fomu mkononi. Kisha unaajiriwa, au kama bahati haijafika unafundisha kama mwalimu wa bodi kwa malipo madogo kutoka mfuko wa shule, na unafunga mlango wa darasa. Unaweza kufundisha miaka kumi na mwenzako wa chumba cha pili asijue unavyofundisha. Anajua maazimio yako ya kazi, maana yanawekwa muhuri. Andalio la somo pia linakaguliwa. Lakini sauti yako mbele ya watoto haijui.

Jaribio kubwa la kuubadili mtindo huo lilikuwa SMASSE, mpango wa kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari. Ulianza 1998 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na Japani kupitia shirika la JICA, kwanza katika wilaya tisa za majaribio, ukaenezwa nchi nzima kuanzia 2003. Uliacha kituo, CEMASTEA, kule Karen, Nairobi. Msingi wake ulikuwa rahisi kuueleza: kila kipindi kiwe na shughuli, kimweke mwanafunzi katikati, kiwe na jaribio, na pasipo na vifaa mwalimu abuni. Na mwalimu mwenyewe apange, atekeleze, atazame kilichotokea, arekebishe. Bogenvila na chokaa ni mambo ya aina hiyo.

Mafunzo yalishuka kwa ngazi: wakufunzi wa kitaifa wakawafunza wa wilaya, wa wilaya wakawafunza walimu wakati wa likizo. Walimu wenzangu wakubwa wanaokumbuka warsha zile huzisifu kwa moyo, na wakati huo huo husema jambo moja: ukirudi shuleni, peke yako, na darasa la watoto hamsini na silabasi iliyobaki nyuma, ile ari hukauka. Mafunzo ya siku kumi hotelini au chuoni hayatoshi kumbadili mtu aliyezoea kufanya kazi peke yake. Hata mpango wa TSC, tume ya kuajiri walimu, uliozinduliwa 2021, wa walimu kuendelea kusoma kwa moduli na kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka mfukoni mwao, ulipingwa na walimu wengi kwa sababu ya hiyo gharama. Mimi nina sababu nyingine ya kutoutegemea sana, kwamba mafunzo yake yako mbali na dawati la mwanafunzi.

Wajapani wana desturi ya zamani ambayo CEMASTEA pia wameihimiza: walimu wa somo moja wanaandaa kipindi pamoja, mmoja anakifundisha, wengine wanakaa nyuma wakiwatazama watoto. Narudia, wanawatazama watoto; mwalimu wanamwacha afanye kazi. Nani ameandika nini, nani amekwama wapi, nani amejifanya ameelewa. Kisha wanakaa, wanakirekebisha, na mwingine anakifundisha darasa jingine. Sisi walimu wa sayansi wa shule kadhaa jirani tulianza hivyo bila barua wala bajeti. Tulianza na kipindi cha moli. Nilipokuwa nyuma nikiwatazama watoto wa mwenzangu niligundua jambo ambalo mbele ya ubao lisingeonekana kamwe: waliokwama hawakukwama kwenye kemia. Walikwama kwenye uwiano, hesabu ya darasa la sita. Waliambiwa gramu 56 ni moli moja, wakaulizwa gramu 14 ni moli ngapi, na mkono ukasimama kwenye kugawanya. Siku iliyofuata tuliomba vipindi viwili kutoka kwa mwalimu wa hisabati, tukafundisha uwiano kwa bei ya samaki na ya nazi, kisha ndipo tukarudi kwenye moli.

Jambo kama hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji muda uliotengwa kwenye ratiba, na mkuu wa shule asiyeona mwalimu aliyekaa nyuma ya darasa la mwenzake kama mtu aliyekosa kazi. Nimewahi kufanya kazi chini ya mkuu aliyetukatalia kabisa. Alitaka kila mwalimu awe na chaki mkononi kila dakika. Alipokuja mwingine akaturuhusu Jumatano baada ya vipindi, tulihisi kwamba tumeongezewa walimu.

Sisemi mambo ya nje ya darasa ni madogo. Masomo ya kutwa hayana karo tangu 2008, lakini chakula cha mchana hulipiwa na mzazi, na kwa chakula ndipo mtoto hurudishwa nyumbani. Mgao wa serikali, uliopandishwa hadi shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka kuanzia 2018, haufiki wote. Julai 2025 waziri wa fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba hazina inamudu kama 16,900 tu. Tofauti hiyo, ukizidisha kwa watoto wote wa shule, ndiyo chupa za dawa, ndiyo gesi ya maabara, ndiyo mshahara wa mwalimu wa bodi anayefundisha fizikia.

Kuna mwalimu wa sayansi aliyetambuliwa duniani kwa kufanya kazi katika hali kama yetu: Peter Tabichi, wa shule mseto ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora wa dunia mwaka 2019. Kijiji cha shule yake kinaitwa Pwani, ingawa bahari iko mbali nacho. Wengi walisifu kwamba alitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa wanakijiji. Mimi nilichokishika ni kwamba alikuwa na chama cha sayansi, watoto wakabuni vitu vyao, na aliwafuata majumbani waliolegea masomoni. Hayo mawili ni ya kufundisha, na yanaigika.

Kuwafuata majumbani nako nimekujaribu. Nilimwendea bibi mmoja karibu na Msambweni, mjukuu wake alikuwa hajaja shule tangu ajifungue. Sera ya kuwarudisha darasani wasichana waliojifungua ipo tangu 1994, ila bibi hakuwa ameisikia. Tulikaa kibarazani. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, mtoto nitamlea mimi. Lakini huko shule watamcheka." Nikamwambia wakicheka watanikuta mimi. Mjukuu alirudi muhula uliofuata, akakaa na wenzake wa darasa la chini, na kwa biureti alikuwa na mkono mzuri kuliko wote.

Sasa tumo katika mwaka wa mpito. Mwaka 2026 shule ya sekondari ina madarasa ya ajabu: Gredi ya 10 ya mtaala wa umilisi, kisha kidato cha tatu na cha nne cha mfumo wa zamani wa 8-4-4, na hakuna kidato cha kwanza wala cha pili. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 itakuwa 2027. Watoto wa Gredi ya 10 walifanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2025, na walichagua mojawapo ya njia tatu: sayansi na teknolojia pamoja na uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Hisabati inabaki lazima kwa wote, ya kina kwa wa sayansi, ya msingi kwa wengine. Wazazi huniuliza njia ipi ina kazi. Mimi huwauliza shule aliyopangiwa ina mwalimu wa fizikia wa kudumu au wa bodi, maabara inafunguliwa mara ngapi kwa wiki, mtoto wa mwisho darasani alishika kifaa lini. Mtoto wa Msambweni akichagua sayansi katika shule ambayo kemia yake ni ya ubaoni tu, atakuwa amechagua jina la njia.

Mtihani wa kwanza wa Gredi ya 12 ni 2028. Safari hii kuna nafasi ya kuhesabu sawasawa tangu mwanzo, kwa sababu kila mtoto ameingia na kiwango chake cha KJSEA katika kila somo. Nimefungua daftari kubwa la jalada gumu na kumwandika kila mmoja wa Gredi ya 10 wa kemia: kiwango alichoingia nacho, tarehe alizoshika vifaa, na mahali alipokwama kila mwisho wa muhula. Walimu wenzangu wa shule jirani wamefungua yao kwa mtindo ule ule, ili 2028 tuyaweke mezani pamoja, tuone kipindi cha nani kiliwasogeza watoto na tukamwombe atufundishe. Mzazi anayetaka kuona ukurasa wa mwanawe aje Jumatano baada ya saa kumi. Ataukuta mezani pale maabara, na nitamweleza kila mstari.